Namungo msimu ujao: dogo gani wa kusini unatamani tumsajili kabla Dar hawajamuona?

Mwera_Damu (Ruangwa)

Wadau wa kusini na mashabiki wa Namungo, timu yetu ya Ruangwa, habari zenu. Dirisha la usajili linasogea na huku kijiweni kila mtu anataja straika wa nje, mara Mkongo, mara Mghana, mi nataka leo tuwaongelee vijana wetu wa hapahapa Lindi na Mtwara. Nani umemuona UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, nani umemuona kwenye ndondo, nani yuko chuo pale Mtwara mjini anaupiga mpaka ukajisemea huyu kesho asubuhi apande gari aje Ruangwa afanye majaribio?

Wangu mi nimeshampata. Ni namba sita, kiungo mkabaji, yuko kidato cha tano, jina na shule sitaji maana bado ni mwanafunzi na sitaki madalali wamvamie. Kilichonishika ni shingo yake. Kabla mpira haujamfikia ameshageuka kushoto na kulia, kwa hiyo ukimfika mguuni ye anajua tayari unaenda wapi, anauachia kwa mguso mmoja na anasogea kuomba tena. Nimemuona kwenye kiwanja cha mchanga mpira unadunda hovyo, jamaa wawili wanamjia, akauweka chini kwa ndani ya mguu, akaingiza mgongo, wale wakagongana nae ye kasimama, kisha pasi ndefu mpaka kwa winga wa kulia bila kuinua kichwa mara ya pili. Umri ule hilo hufundishwi, unakuja nalo!

Naumia kwa sababu tunajua tunachoweza. 2019/20 tumepanda tu ligi kuu tukamaliza nafasi ya nne, tukafika fainali ya kombe la Azam pale Sumbawanga, Simba wakatufunga 2-1 kwa shida. Msimu uliofuata tukawatoa 1º de Agosto ya Angola kwa jumla ya 7-5, mechi zote mbili zikachezwa Dar, tukaingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika na Raja, Pyramids na Nkana. Makundini tulitoka bila pointi sawa, ila tulifika. Baada ya pale kila msimu naona sura mpya, tukimzoea mtu kashaondoka. Kijana wa nyumbani anakaa, anajua akifunga bao mama yake yuko jukwaani uwanja wetu wa Majaliwa. Haya tajeni wenu, nafasi anayocheza na kwa nini.

Shangani_Kwetu

Umenigusa mkuu. Mi namtaka beki wa kushoto mmoja anasoma chuo Mtwara, nae jina naliacha. Mguu wa kushoto halisi, na wote tunajua namba tatu wa mguu wa kushoto nchi hii wanatafutwa kwa tochi, timu nyingi zinamgeuza mtu wa kulia anakwenda kucheza kule anapiga krosi akiwa amekata ndani, mpira unachelewa mabeki wameshajipanga. Huyu dogo akipewa nafasi anapiga akiwa kwenye mwendo, krosi inakwenda nyuma ya beki mbele ya kipa, ile ambayo straika anagusa tu. Tatizo lake ni kurudi, dakika ya 70 pumzi imekata na upande wake uko wazi. Hilo linatibika kwa mazoezi ya timu yenye mwalimu wa viungo, chuoni wanafanya mazoezi jioni tu na wiki ya mitihani hawafanyi kabisa.

Mwl_Masasi

Naomba niseme kama mwalimu wa michezo ninayekaa na hawa watoto kila mwaka. Mnasema UMISSETA, sawa, ila timu zetu zinakwenda kuangalia wakati umeshapita. Mashindano yanaanzia shuleni, yanapanda kata, wilaya, mkoa, ndipo taifa. Maskauti wa Simba, Yanga na Azam wanajaa ngazi ya taifa, na kule mtoto akishang'ara kila mtu anaomba namba ya mzazi. 2019 na 2021 ngazi ya taifa ililetwa hapa Mtwara, uwanja wa Nangwanda Sijaona ulijaa watoto wa mikoa yote Tanzania, ndugu zangu ile ilikua bahati kubwa sana kwa timu ya kusini. Wenye pesa walipanda ndege kuja kuangalia watoto mlangoni kwetu.

Sasa Namungo na timu nyingine za huku zije ngazi ya wilaya. Njooni Masasi, Newala, Nachingwea, Liwale. Huko ndiko kuna kipa wangu. Mrefu, mikono mirefu, lakini uzuri wake ni miguu, kona ikipigwa anapiga hatua mbili fupi kabla hajaruka, hajirushi kutoka aliposimama kama makipa wengi wa shule. Na anaongea! Unamsikia kutoka upande wa pili wa uwanja anawapanga mabeki kwa majina. Mkoani hakuchaguliwa kwa sababu timu yake ilitolewa mapema wilayani, basi, habari yake ikaishia hapo. Huyo hakuna skauti wa Dar atakaemuona kamwe.

Na jambo moja nawaomba, msimchukue mtoto akiwa kidato cha nne mkamkosesha mtihani wa Novemba. Nimeona kijana wa hapa aliahidiwa makubwa na timu fulani, akaacha shule, akaumia goti, akarudi nyumbani na begi lake. Mama yake mpaka leo akiniona njiani haniangalii usoni, na si mimi niliyempeleka.

Kuchele_Milele

Mwalimu pole sana kwa hilo. Mi ni damu ya Ndanda, timu ya Mtwara, na nitasema ukweli wangu. Tulipokua ligi kuu, toka 2014/15 mpaka tuliposhuka 2020, mtoto wa Chikongola au Mikindani alikua na pa kuelekeza macho, anatembea kwa mguu mpaka Nangwanda Sijaona anamuona Simba, anamuona Yanga, na anaona vijana wa mtaani kwao wamevaa jezi ya Wana Kuchele. Saivi akiwa na kipaji lazima aende Ruangwa au avuke mpaka Dar. Kwa hiyo mi winga wangu wa Mikindani, mtoto ana mbio na anamfuata beki moja kwa moja bila woga, simtaki akakae benchi Namungo msimu mzima akichezeshwa dakika za mwisho. Msajilini, mpeni mkataba, kisha mleteni kwa mkopo timu za huku chini acheze dakika 90 kila wiki. Winga anakomaa kwa kucheza, mazoezini beki hamkanyagi kweli.

Saa_Nane_Usiku

Nawasoma kwa furaha kwa kweli. Mi naangalia sana michezo ya Marekani usiku, na mwezi wa nne NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, wanapochagua wachezaji wa vyuo silali. Kule timu 32, raundi 7, na iliyoshika mkia msimu uliopita ndo inapewa zamu ya kwanza kuchagua, labda iwe imeiuza zamu yake. Mashabiki wanaanza miezi kabla, kila mtu na orodha yake, huyu anataka mrusha mpira, yule anataka mlinzi wa pembeni, kama hivi mnavyofanya nyie hapa. Na kijana hachaguliwi mpaka ipite miaka mitatu toka amalize sekondari, ndo maana wanapita chuo kwanza. NBA, ligi ya kikapu, nao wana utaratibu wa kufanana na huo, Hasheem Thabeet wetu alitoka chuo kikuu cha Connecticut 2009 akachaguliwa wa pili nchi nzima na Memphis Grizzlies.

Huku hakuna anaempa mnyonge zamu ya kwanza. Mwenye pesa anachagua kwanza, wa pili, na wa tatu. Kwa hiyo silaha pekee ya Namungo ni kuwahi na karatasi. Kwa kanuni za FIFA mchezaji chini ya miaka 18 mkataba wake hauzidi miaka mitatu, basi mpeni hiyo mitatu kwa heshima, mzazi akiwepo, na asajiliwe rasmi timu ya vijana chini ya miaka 20. Usajili huo ndo unawaandika kwenye historia yake. Akija kuuzwa nje ya nchi akiwa bado na mkataba, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa klabu zilizomlea toka miaka 12 mpaka 23. Mkimchezesha kienyeji bila kumsajili hampati hata shilingi, na mtoto ataondoka bila hata kuwaaga.

Mwera_Damu (Ruangwa)

Saa_Nane hiyo ya asilimia 5 naipeleka kwa viongozi wa tawi letu wiki hii hii, naamini wengi hawaijui. Kuchele ndugu yangu nakuunga mkono kwenye mkopo, na nikwambie wazi, Ndanda ikirudi ligi kuu hata sisi Namungo tunafaidi, derby ya kusini ile watoto wote wa huku wangetamani kuicheza.

Mwalimu, la mitihani nimelisikia. Namba sita wangu ana mwaka mzima mbele yake, nimeongea na mjomba wake na tumekubaliana akija Ruangwa anakuja likizo tu, anafanya mazoezi na vijana, anarudi shule. Akimaliza kidato cha sita ndo mambo mengine. Ila huyo kipa wako naomba nije nimuone mwenyewe, golini sina amani toka msimu uliopita.

Mwl_Masasi

Karibu sana. Mechi za wilaya zikipangwa nitaandika hapa kiwanja na saa. Njoo na mtu wa benchi la ufundi, usije peke yako, na mje mapema maana huwa tunaanza asubuhi kabla jua halijawa kali. Kipa nitamwambia tu kuna wageni, sitamwambia ni wa wapi.

Shangani_Kwetu

Mwalimu ukiweka ratiba na mi nakuja, nitamleta yule beki wangu wa kushoto acheze hata mechi ya kirafiki na walimu.