Mto ulipanda nikiwa upande wa pili, nisaidieni kabla sijarudi kuvua

KijanaWaUmoja: Wasee habari za jioni. Mimi ni mgeni kwa haya mambo ya kuvua trauti, wale samaki wa maji baridi, na flai, yaani chambo bandia cha mdudu, nimeanza mwaka huu tu. Jumamosi tulitoka Nairobi saa kumi usiku na beshte yangu, saa mbili asubuhi tuko mto Gura, juu ya Othaya. Maji safi unaona mpaka changarawe, yanafika kwa magoti, tukavuka sababu upande wa pili ndio kuna kidimbwi poa chini ya mti. Sasa kama saa nane hivi, jua linawaka hadi natoa jasho, naona majani makavu mengi yanapita, nikafikiri ni upepo. Kidogo vijiti. Kidogo maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa na lile jiwe nilikuwa nimewekea chupa yangu halionekani, chupa nayo imeenda. Gamboti zikajaa, kila mguu ni kama nimebeba debe. Beshte akasema tuvuke saa hii kabla mambo iharibike, akaingia, katikati akateleza, akaja kukamata mzizi huko chini kabisa, fimbo yake ya kuvulia ikaenda na rili, kile kigurudumu cha uzi. Mimi nikaogopa nikakaa kwa jiwe mpaka giza linaanza kuingia ndio maji yakashuka nikavuka.

Ningejuaje mapema? Na ni ukweli maji yakipanda trauti wanakula sana ama ni stori za watu?

MzeeWaFlai: Pole sana kijana. Jua la Othaya lisikudanganye, huo mto unatoka juu Aberdare, zaidi ya mita 3,000, unaanguka kwa maporomoko marefu halafu unakuja mbio kwa mteremko, kwa hivyo mvua ikipiga huko juu wewe huku hata radi huisikii. Yale majani makavu ndio yalikuwa taarifa yako, maji yakianza kupanda yanafagia kingo kwanza. Mimi nikifika nasimamisha kijiti hapo maji yanapoishia, na kila nikirusha mara kumi nakitupia jicho. Kikizama vidole viwili nahamia upande wa gari. Sio upande wenye samaki, upande wa gari.

DadaWaNgara: Hiyo ya kula ni kweli ila ni mwanzo tu. Maji yakianza kupanda na bado yana mwangaza, minyoo na wadudu wanazolewa, trauti naye anaacha katikati kwenye nguvu anakuja kando palipotulia, yaani karibu na miguu yako. Funga flai kubwa nyeusi yenye uzito, rusha ukiwa umesimama kwa nyasi. Yakishakuwa chai ya maziwa kunja uzi uende ukale, samaki haoni kitu.

BodaYaThikaRoad: Sasa mtu ameponea chupuchupu na wewe unamwambia afunge flai kubwa 😂

DadaWaNgara: Soma tena, nimesema kwa nyasi. Nani amemwambia aingie?

NyumbaniOthaya: Sisi wa huku hatuangalii, tunasikiza. Mto ukianza kupiga ngurumo huko chini, mawe yanagongana, hapo hata ng'ombe hapelekwi. Na wewe usijione mwoga, kukaa kwa jiwe ndio kitu ya maana mlifanya hiyo siku. Maji yakiongeza kasi mara mbili yanakusukuma mara nne, sasa jazia hapo gamboti. Mto wa mlima hupanda haraka na kushuka haraka, ukikwama panda juu mbali na ukingo ungoje, ama kabla hata hujavuka asubuhi uliza watu daraja liko wapi. Vaa raba za kufunga na kamba. Trauti wako hapo Gura tangu Grogan, yule mlowezi Mwingereza, awalete 1905, hawatahama kwa sababu umeenda nyumbani mapema.

KijanaWaUmoja: Asanteni wote, kijiti nimeshika. Shida iliyobaki ni beshte, anasema nichange nusu ya fimbo mpya sababu mimi ndio nilichagua kuvuka asubuhi. Na yeye ndio aliruka kwa maji!

MzeeWaFlai: Asubuhi mlivuka wangapi?

KijanaWaUmoja: Wawili.

MzeeWaFlai: Basi changa robo.

BodaYaThikaRoad: Gura inaingia Tana, mwambie aingoje fimbo Garissa.