Mawakala wa safari, acheni kutuuzia Disney ya Septemba huku mkificha habari ya vimbunga!

Wakuu, leo nimeandika nikiwa na hasira, mnisome hivyo hivyo.

Asubuhi nimetumiwa tena tangazo kwenye kundi la WhatsApp: Orlando, Septemba, familia nzima, bei imeporomoka, nafasi zimebaki chache. Picha ya kasri la Disney, anga jeupe, watoto wamevaa masikio ya Mickey. Nimelisoma mpaka mwisho, vigezo na masharti vyote. Hakuna neno hata moja kuhusu vimbunga.

Mimi naishi Kissimmee, jirani kabisa na hizo bustani za burudani za Disney hapa Orlando, Florida, kwa hiyo nisikilizeni. Bei ya Septemba haishuki kwa sababu wakala ana huruma na wewe. Inashuka kwa sababu shule za Florida zinafunguliwa kuanzia katikati ya Agosti, Wamarekani wenye watoto wanarudi makwao, na kipindi kinachobaki ndicho kibaya kuliko vyote kwa vimbunga vya Atlantiki. Msimu rasmi ni Juni 1 hadi Novemba 30, ila shughuli yenyewe iko kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Oktoba, kilele kikiwa karibu na Septemba 10. Bahari inakuwa imelimbikiza joto la kiangazi kizima, pepo za juu zinazovuruga dhoruba zinakuwa zimepungua, na mifumo ya hewa inayotoka Afrika Magharibi inavuka bahari mmoja baada ya mwingine. Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, pale Miami, kinaweka haya yote mtandaoni bure. Mtu anayekula kamisheni kwa kila kichwa anashindwaje kuyasoma?

Sasa niwaambie kwa nini limenikaa kooni. Mwaka 2022 shemeji yangu alikuja na watoto kutoka Dar, safari waliyoiwekea akiba muda mrefu, wamelipa viza, tiketi, hoteli, kila kitu kupitia wakala. Walitua wiki ya kimbunga Ian. Ian alipewa jina rasmi (dhoruba ikishapata nguvu ya kutosha hupewa jina) Septemba 23, na Septemba 28 akaingia nchi kavu upande wa kusini-magharibi wa Florida akiwa daraja la 4 kati ya 5, kisha akaja kwetu. Disney ilifungwa tarehe 28 na 29. Uwanja wa ndege wa Orlando ukasimamisha safari. Baadhi ya maeneo yetu yalipata mvua ya zaidi ya milimita 300, na mitaa ya Kissimmee ikajaa maji.

Niliwakuta hotelini kabla hali haijachafuka kabisa. Mtoto wa kike ameshavaa gauni lake la binti mfalme, amekaa kwenye zulia la korido maana mama yake alikuwa hataki wakae karibu na dirisha. Chakula ni mkate na siagi ya karanga, migahawa imefungwa. Kila baada ya muda simu zote za korido nzima zinalia kwa pamoja, ule mlio wa tahadhari, na mtoto anauliza kama kesho watafungua.

Wakala je? Kabla hawajapanda ndege, shemeji alimwomba asogeze tarehe. Jibu: kimbunga bado hakijafika, hatuwezi kubadilisha kitu kwa sababu ya wasiwasi. Kimbunga kilipofika akaomba tena. Jibu: hayo ni mapenzi ya Mungu, hakuna marejesho. Baada ya hapo akala jiwe, tiki za bluu tu. Yaani kabla ya dhoruba ni mapema mno, baada ya dhoruba ni kuchelewa mno, na hela iko kwake muda wote!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kinga ipo. Disney wana utaratibu wao: tahadhari kamili ya kimbunga ikitolewa kwa eneo la Orlando, au kwa mahali unapoishi, ndani ya siku 7 kabla ya kufika kwako, unaweza kuahirisha au kufuta bila wao kukukata faini. Lakini hiyo ni kwa waliokata moja kwa moja kwao. Ukipitia kwa mtu wa kati, unabanwa na masharti ya huyo mtu. Bima ya safari nayo ipo, ila inabidi uikate kabla dhoruba haijapewa jina. Ikishapewa jina, makampuni ya bima yanaihesabu kuwa jambo linalojulikana na kwa dhoruba hiyo hulipwi kitu. Kumwambia mteja hayo mawili ni ujumbe wa sauti wa dakika moja. Hakuutuma.

Na najua kuna watu watakuja hapa na "mkuu, mwaka huu utabiri unasema msimu utakuwa mtulivu". Tafadhali. Utabiri wa msimu, ule wa Mei unaorekebishwa Agosti, unakadiria idadi ya dhoruba kwa bahari nzima ya Atlantiki. Hausemi itapiga wapi wala wiki gani. Mwaka 1992 ulikuwa mtulivu, dhoruba ya kwanza kupewa jina ilichelewa mpaka Agosti, na jina lake lilikuwa Andrew. Agosti 24 ikasambaratisha maeneo ya kusini mwa Miami ikiwa daraja la 5. Mwaka 2004 watu walidhani kimbunga Charley kitapiga Tampa, pwani ya magharibi ya Florida, ila Agosti 13 akakata kona, akaingilia Punta Gorda, kusini zaidi, na usiku huo huo akapita Orlando. Septemba hiyo vikafuata vimbunga Frances na Jeanne. Hata ile picha ya koni kwenye televisheni inaonyesha tu njia inayokisiwa ya kitovu cha dhoruba. Ukiwa nje ya koni bado upepo na mafuriko vinaweza kukufikia.

Tuseme kimbunga hakikuja. Bado Agosti na Septemba jua ni la nyuzi 33 na unyevu unaofanya mwili uhisi zaidi ya 38, halafu mchana upepo wa Atlantiki unakutana na wa Ghuba ya Meksiko juu ya vichwa vyetu, radi zinaanza, na bembea za nje zinasimamishwa mpaka zipite. Mnawaletea watu bibi zao wa miaka 70 kwenye hali hiyo bila hata kuwaambia wapumzike ndani saa za mchana!

Kama umekatwa hela kwa namna hii, weka hapa ulichojibiwa, ficha majina na namba za simu. Unayetaka kulipia sasa, usitume hata shilingi kabla hujapewa kwa maandishi nini kitatokea dhoruba ikija, na nakala ya bima yenye tarehe.

Na nyie mawakala mliomo humu, maana mmo na mnasoma: kwenye tangazo lenu linalofuata mtaandika kwamba Septemba ni kilele cha vimbunga, ndiyo au hapana?