Marsabit tunahesabiwa kwa ramani moja tunagawiwa kwa ramani nyingine, TUMECHOKA

Wadau naomba mnisikize kabla mtu hajaanza ile ya "watu wa kaskazini mnalia kila siku". Simtetei mbunge yeyote wala kabila lolote, naongea mipaka ya kaunti yetu ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya.

Sensa ya 2019 ilisema Marsabit tuko watu 459,785. Sawa. Hao watu wakapangwa kwa kaunti ndogo saba, yaani Moyale, Sololo, North Horr, Marsabit North, Marsabit Central, Marsabit South na Loiyangalani. Hiyo ndiyo ramani ya serikali kuu, yaani DCC (naibu kamishna wa kaunti), tarafa, lokesheni, mpaka kwa naibu wa chifu. Sasa enda serikali ya kaunti uulize kaunti ndogo ni ngapi, utaambiwa nne, juu wao wanafuata maeneo bunge: Moyale, Saku, North Horr na Laisamis, na chini yake wadi 20. Kwa hivyo mtu wa Sololo kwa DCC ni Sololo lakini kwa kaunti ni Moyale, na mtu wa Loiyangalani kule kando ya Ziwa Turkana akitaka mambo ya kaunti anahesabika Laisamis, kule barabara ya lami, na katikati hapo ni mawe na mchanga tu, gari lenyewe unalingoja mpaka ukate tamaa.

Mnaweza kusema hayo ni majina tu. Si majina! Mimi nilifuatilia basari ya mtoto wa ndugu yangu, fomu ni ya wadi lakini muhuri unaotakiwa ni wa chifu, na chifu ni wa lokesheni. Nikaenda ofisi ya wadi nikaambiwa hiyo sablokesheni yenu si ya kwetu, nikaenda wadi ya jirani nikaambiwa jina la lokesheni yenu halipo kwa orodha, nikarudi kwa chifu naye anashangaa tu, kwake mpaka uko wazi kabisa, yeye wadi haimhusu. Mtoto akafukuzwa kwa ajili ya karo. Niambieni kosa lake ni gani, kuzaliwa mahali ramani mbili zimekosana?

Na hata ukitaka kujua tumeongezeka kwa kasi gani huwezi kupata jibu la maana. Kaunti nzima unaweza, 2009 tulikuwa 291,166, hiyo ni kuongezeka zaidi ya nusu kwa miaka kumi. Lakini shuka chini sasa. 2009 tulihesabiwa kwa wilaya nne, Marsabit, Chalbi, Laisamis na Moyale, na mwaka huo huo Mahakama Kuu ikasema wilaya halali Kenya ni 46 na Nairobi basi. Chalbi ikaenda, 2019 ikaja saba. Sasa mtu wa kupanga zahanati au kisima analinganisha nini na nini? Ndiyo maana kila kikao cha bajeti huku kila mzee anakuja na namba yake na hakuna wa kumbishia.

Halafu tuje kwa viti. 2012 maeneo bunge yalitoka 210 yakawa 290, viti vipya 80. Mandera walitoka 3 wakapata 6, Turkana vilevile. Marsabit tulipata SIFURI. Tulibaki na zile zile nne. North Horr peke yake ina karibu kilomita mraba 39,000, kutoka Illeret mpaka Turbi, na wadi tano tu. Vihiga kaunti nzima haifiki kilomita mraba 600 na wana maeneo bunge matano na wadi 25. Siwaonei wivu, wao ni watu 590,013 na wanastahili. Lakini MCA (mjumbe wa wadi) wa Dukana kule North Horr na MCA wa West Sabatia kule Vihiga hawafanyi kazi moja hata kama mshahara ni mmoja.

Katiba kipengele cha 89 inasema mipaka ipitiwe kila baada ya miaka 8 mpaka 12. Hesabu kutoka Machi 2012 mipaka ilipotangazwa, muda uliisha Machi 2024, na wakati huo IEBC (tume ya uchaguzi na mipaka) haikuwa hata na mwenyekiti wala makamishna! Na kuna watu wanatembea wakisema ikifanywa tupunguzwe viti, ati gawanya watu wa Kenya kwa 290 unapata 164,015 kwa kiti, kwa hivyo Marsabit ni chini ya vitatu. Wasome kipengele chote basi. Hicho hicho kinaruhusu sehemu zenye watu wachache waliotawanyika kwenda chini kwa asilimia 40. Hiyo ni kama watu 98,409 kwa kiti, zidisha mara nne haifiki hata 394,000 na sisi tuko 459,785. Vinne vinatutosha kisheria bila kuomba huruma ya mtu, ni kusawazisha tu mipaka ya ndani. Na kiti kikienda CDF yake (pesa za maendeleo za eneo bunge) inaenda, mjue.

Ninachotaka ni kidogo tu. Wakipitia mipaka, wadi ifuate lokesheni nzima nzima, isikate manyatta katikati, na hizo kaunti ndogo saba zitambulike na pande zote mbili ama zifutwe tujue moja. Kama kuna mtu hapa ana ramani ya wadi iliyolazwa juu ya lokesheni za Marsabit aiweke, hasa Laisamis na North Horr, maana nimeuliza ofisi zote na kila mmoja ananionyesha ya kwake.