Jenereta ya mawimbi kwa redio za boti: HP 8640B ya mtumba au tinySA?

FundiNgamiani: Wakuu, habari za leo. Natengeneza redio za VHF za boti hapa Tanga, nyingi zinaletwa kutoka Deep Sea, pale boti za wavuvi zinapotia nanga, zimeliwa na chumvi. Kutuma napima vizuri kwa mita ya wati. Kupokea ndiko kunanitesa: nikijaribu kwa kutuma na redio ya pili, hainiambii usikivu umeshuka kiasi gani, na mvuvi anaitegemea chaneli 16, ya kuitana na kuomba msaada, akiwa nje usiku. Nataka jenereta ya kutoa mawimbi dhaifu ya kipimo kinachojulikana. Nichukue ipi: HP 8640B, ile ya zamani ya mezani, au tinySA, kile kipimo kidogo cha mkononi kinachotoa mawimbi pia?

MzeeAntena: HP, kama ni nzima. Redio nzuri inasikia mikrovolti 0.25, yaani dBm -119 kwenye omu 50 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi; ikizidi kuwa hasi, mawimbi ni dhaifu zaidi), na HP inashuka hadi huko yenyewe. TinySA ya kwanza inaishia dBm -76, utaiongezea atenyueta (kipunguza mawimbi) ya desibeli 50. Weka MHz 156.8, ndiyo chaneli 16, toni ya kHz 1, mchepuko wa FM kHz 3 (kiasi toni inavyoyumbisha masafa), kisha shusha nguvu taratibu ukisikiliza toni inapopotea. Lakini ndugu yangu, chomoa maiki kwanza! Ukibonyeza kutuma, wati 25 zinaingia kwenye jenereta na atenyueta inaungua.

Kibao_cha_Saketi: Kabla hujalipa, zungusha swichi ya bendi mwanzo hadi mwisho. Gia za plastiki za 8640B hupasuka kwa uzee.

MzeeAntena: Kweli kabisa. Na ukichomoa kebo redio ikaendelea kusikia toni, boksi la jenereta linavujisha mawimbi. Vipimo vyake usiviamini.

FundiNgamiani: Shukrani wakuu. Kesho naenda na redio yangu na kebo, naijaribia palepale kwa muuzaji.