Naishi Newala, navutiwa na udruidi: sikukuu zao nizifuateje huku?

Korosho_na_Msitu
Wakuu habari za jioni. Naomba tusianze na "huyo Frimasoni" wala "mpelekeni akaombewe", maana humu ndiko tunakokimbilia.

Mimi nalima korosho na babu hapa Newala. Nimebatizwa, kipaimara nimepata, na Jumapili bibi akitaka kwenda kanisani nampakia kwenye pikipiki nampeleka. Sina ugomvi na mtu. Ila tangu nisome habari za wadruidi, makuhani wa Wakelti wa kale kule Uingereza, Ireland na Ufaransa ya leo, sijatulia. Watu waliosali msituni badala ya chini ya bati! Mwanafunzi wao aliweza kukaa hadi miaka 20 akikariri mashairi, maana mafundisho yenyewe hayakuruhusiwa kuandikwa. Walifundisha kwamba roho haifi, inahamia kwa mtu mwingine. Jioni nikikaa pale Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma lote liko chini yangu, naona mambo hayo hayako mbali nami hata kidogo.

(Kuna moja linanichekesha. Mmea waliouheshimu kuliko yote ni ule unaoota juu ya tawi la mti mwingine. Mrumi mmoja, Pliny, aliandika kwamba kuhani mwenye nguo nyeupe alipanda mwaloni siku ya sita ya mwezi mwandamo, akaukata kwa mundu wa dhahabu, na wenzake chini wakaudaka kwa joho jeupe. Huku ndugu zake wakiota kwenye mkorosho, babu anapanda na panga huku anatukana.)

Kilichonikwamisha ni kalenda. Wadruidi wa siku hizi wana sikukuu 8 kwa mwaka. Nne zinafuata jua: mchana mrefu kuliko yote, mfupi kuliko yote, na mara mbili usiku na mchana vinapolingana. Nne nyingine ni za wafugaji na wakulima wa kule: Imbolc mwanzo wa Februari kondoo wanapoanza kutoa maziwa, Beltane Mei mosi ng'ombe wakipelekwa malishoni, Lughnasadh Agosti mosi mavuno yakianza, na Samhain usiku wa kuamkia Novemba mosi, baridi ikiingia na wafu wakikumbukwa.

Sasa Novemba mosi mimi niko wapi? Niko juani naokota korosho, jasho limefika kwenye viatu, mabibo yamechachuka chini ya mti mpaka nyuki wamelewa, na macho yako kwenye bei ya mnada. Hela ya mwaka mzima iko hapo. Huzuni ya kuaga jua naitoa wapi? Wenzetu wa Australia wameigeuza kalenda kwa miezi sita, lakini hata hiyo hainisaidii. Hapa kati ya Juni na Desemba mchana unatofautiana kama saa moja na robo tu. Kuku wenyewe hawashtuki.

Kuna anayefuata njia hii Mtwara au Lindi? Mnasherehekea nini, na lini?

Dada_Shangani
Hao si ndio waliokuwa wanafungia watu kwenye sanamu la fito wanawachoma? Ndugu yangu, baki na korosho zako.

Mwl_Mchinga
Dada, habari hiyo inatoka kwa Julius Caesar, jemadari wa Roma, na yeye alikuwa akiwapiga vita Wagalli, yaani Wakelti wa Ufaransa ya leo, miaka ya 50 KK. Mtu anayekuteka nchi hakosi sababu ya kukuita katili. Simsafishi mtu: mwaka 1984 kwenye matope ya Lindow, Uingereza, ulipatikana mwili wa mtu wa kale aliyepigwa kichwani na kukatwa koo, na wataalamu hadi leo wanabishana kama alikuwa kafara.

Kijana, kwako wewe nina jambo kubwa zaidi. Wadruidi wa kale hawakutuachia hata ukurasa mmoja. Tunayoyajua ni ya Wagiriki na Warumi. Mwaka 60 au 61 BK jeshi la Kirumi la Suetonius Paulinus lilivuka hadi kisiwa cha Mona, ambacho leo ni Anglesey huko Wales, likaua watu na kukata misitu yao mitakatifu. Warumi waliendelea kuwabana mpaka wakapotea. Hayo unayoyafuata yamejengwa upya baadaye sana. Mwaka 1792 mwashi wa Wales aliyejiita Iolo Morganwg alipanga vijiwe duara pale Primrose Hill, London, akaendesha sherehe aliyodai ni ya mababu. Mengi aliyosema ameyakuta kwenye maandishi ya kale aliyatunga mwenyewe. Hata Stonehenge, yale mawe makubwa ya duara huko Uingereza ambayo wengi hudhani ni ya wadruidi, ilisimama zaidi ya miaka 2,000 kabla ya Caesar kuzaliwa.

Na hiyo kalenda inayokutesa? Samhain na Beltane ni za kale kweli, za Ireland. Lakini kuzipanga zote 8 kwenye duara moja ni kazi ya katikati ya karne ya 20. Ross Nichols, aliyekuwa mmoja wa walioieneza, alianzisha chama chake cha wadruidi mwaka 1964. Babu yako huenda ana umri kuizidi. Kama wao waliipanga kwa mvua na mifugo yao, nani kakukataza wewe?

Chiwata_Zamani
Mjukuu, mimi ni Myao wa upande wa Masasi. Kwetu mti ulikuwa msolo. Kabla ya jando au safari kubwa mzee alichuchumaa chini yake na unga kiganjani, akaumwaga taratibu, kidogokidogo, huku anataja majina ya waliotangulia. Unga ukisimama kama pia, jambo limekubaliwa. Ukiporomoka, watu wanarudi nyumbani wakaulizane kuna nini. Nimeona kwa macho yangu.

Na usidhani kanisa lilifuta kila kitu. Askofu Vincent Lucas wa Masasi aliliacha jando, akaliingizia sala za Kikristo. Sasa wewe unavuka bahari kutafuta mti?

Korosho_na_Msitu
Shikamoo mzee. Sivuki bahari kuukimbia msolo. Nyumbani hakuna aliyewahi kunisimulia hayo, babu nikimuuliza anasema ni mambo ya kizamani. Wadruidi ndio walionifanya niulize.

Mwalimu, umenivunja moyo halafu umenifungua. Basi Samhain ya Novemba naitupa. Wafu nitawakumbuka mwezi wa sita, ukungu ukishuka hapa juu mpaka mkorosho wa pili huuoni na wazee wanaota moto. Mvua ya kwanza ya Desemba ndiyo mwaka mpya wangu. Maua ya korosho nayo lazima yawe na siku yake, ingawa wakati huo wote tuko kwenye kupuliza salfa. Beltane sina ng'ombe, naiacha.

Mzee, msolo nikitaka kuuona, mtu anafika tu au anaomba ruhusa?

Chiwata_Zamani
Marahaba. Unaomba kwa wenye ukoo, maana mara nyingi chini yake pamelala watu wao. Njoo na unga wa mtama, simu ya kupigia picha iache nyumbani. Na bibi yako mwambie kwanza, asije akasikia sokoni.