Mnaotunga mashairi na kuyaimba wenyewe, tupeane uzoefu

Mwana wa Ng'ambo
Wakuu salaam. Naomba tukutane hapa wote tunaotunga mashairi na kuyaimba wenyewe, iwe taarab, iwe ngoma ya kwenu, iwe gitaa tu barazani. Wale wanaopewa karatasi waimbe, na wale wanaouza maneno kisha wanakaa nyumbani, tutawasikiliza siku nyingine. Leo nawataka wanaobeba yote mawili, mlianzaje, maneno mnayatoa wapi, na nini kimewafundisha zaidi.

Naanza mimi. Ni mtu wa Unguja na aliyenifungua macho ni Siti binti Saad, muimbaji wa taarab, marehemu tangu 1950, sikumkuta. Kazaliwa Fumba miaka ya 1880 hivi, wazazi wake watumwa, na jina alilopewa ni hilohilo, Mtumwa. Kazi yake kufinyanga vyungu na kuvitembeza kuuza, anaimba njiani watu watoke milangoni. Akahamia mjini, akaishi Ng'ambo, ule upande wa nje ya Mji Mkongwe, kusoma hajui kuandika hajui, halafu 1928 huyo yuko Bombay anarekodi santuri za kampuni ya HMV kwa Kiswahili! Shaaban Robert mwenyewe akakaa chini akamwandikia wasifu.

Sasa kinachonishika mimi kuliko safari ya Bombay ni ule wimbo wake wa Kijiti. Mwanamke mgeni katoka Dar kaja Unguja, kabakwa kauawa, muuaji, ndiye huyo Kijiti, kakimbilia bara, na waliobaki kubeba kesi ni wanawake waliokuwa naye usiku ule, wakashtakiwa kwa habari ya pombe. Siti akauimba mkasa mzima, majina yamo, mahakama imo, hasira imo. Watu wa Ng'ambo magazeti hayakuwa yao, gazeti lao lilikuwa ile sauti. Na kila jioni wenzake wakina Maalim Shaaban na Mbaruk walikuwa wanakutana nyumbani kwake, neno linaletwa, linajaribiwa, linabadilishwa palepale na mpiga udi yupo. Shairi lilikuwa linatungwa kwa mdomo, na mimi nafuata hivyohivyo. Natunga nikitembea. Mshororo ukinitoka kichwani kabla sijafika nyumbani siutafuti, nauacha uende zake, maana kama mimi niliyeutunga sijaushika msikilizaji ataushikaje.

Haya karibuni.

Mtu wa Mji wa Kale
Salaam aleikum ndugu zangu wa Unguja. Hapa Mombasa naomba nikupinge kidogo kwa heshima. Sisi huku tumelelewa na kalamu. Mjuwe Juma Bhalo, aliyefariki 2014, Mwenyezi Mungu amrehemu, nyimbo zake nyingi zimetoka kwenye kalamu ya nduguye Ahmad Nassir, mshairi aliyekuwa anapima neno hadi unasema huyu ana mizani ya sonara. Na nyuma yao yupo Muyaka bin Haji wa tangu enzi za Wamazrui waliotawala Mombasa, wakati huo shairi ni silaha ya mji kwa mji. Kwa hivyo kuandika kwetu si kukosa sauti.

Mimi natunga na kuimba, napiga udi pia kidogo. Naandika kwanza, na sababu ni ya kiufundi kabisa. Mshororo una mizani 16, yaani silabi, nane ukwapi (nusu ya kwanza) nane utao (nusu ya pili), kina katikati na kina mwisho, na wimbo wetu beti zake huwa za mishororo mitatu. Ile nane ya kwanza ikiisha ndipo muimbaji anapovuta pumzi na fidla inaingia kujibu. Ukizidisha mizani moja tu unajikuta umemeza silabi au umemkanyaga mpiga fidla, na masikio ya wazee yaliyokaa mbele hayasamehi. Karatasi inanisaidia kuona hilo kabla sijafika jukwaani.

Lakini maana ndiyo kitu ambacho hata ukiandika vipi huimiliki. Niliwahi kutunga wimbo juu ya mti, mti kabisa, muembe uliokatwa kwetu ukaniuma. Nimeuimba harusini, ubeti wa pili tu mama mmoja kainuka na noti mkononi, kaja kunitunza huku kamkazia macho mwenzake aliyekaa pembeni, na yule naye hakukubali, akaja kutunza ubeti ufuatao kwa noti kubwa zaidi. Kufika mwisho muembe wangu ushakuwa mume wa mtu. Sijakasirika hata kidogo, nilifurahi mno. Wimbo ukishatoka mdomoni ni wa anayeutunza.

Mgogo wa Ilimba
Wakuu hodi. Mimi natokea Dodoma, sina vina wala ukwapi, ila naona nami nahusika. Kwetu ni ilimba, kile chombo cha vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze la nyuzi. Nimejifunzia kwa babu mzaa mama na baadae nikasikiliza sana kanda za Mzee Hukwe Zawose, yule aliyefundisha Bagamoyo na kuzunguka dunia na muziki wa Kigogo hadi kifo chake 2003.

Kwetu maneno yanatoka kwenye chombo. Unakaa na ilimba unazungusha mlio mmoja, unazungusha, hata saa nzima, mpaka vile vyuma vinaanza kama kusema kitu na wewe unakitamka. Mara nyingi linaanza jina la mtu, au mvua maana Dodoma mvua ndo habari yetu kubwa, ng'ombe, njaa ya mwaka fulani. Halafu wenzako wanaitikia na ile sauti ya kwao inabadilisha yako, unaongeza neno ambalo hukulipanga. Mwana wa Ng'ambo umenigusa uliposema wenzake Siti walikuwa wanakutana, kwetu mtunzi anaekaa peke yake watu wanamuulizia kama anaumwa.

Ninachojitahidi sasa hivi ni kuyaandika maneno ya babu, kwa Kigogo chake kilekile, maana mengine nayaimba sijui hata yanamtaja nani. Nawafata bibi zetu wanaopiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wanifafanulie, na kila bibi ana maelezo yake 😀 lakini nayaandika yote.

Omwana wa Bukoba
Mgogo umeniwahi. Mimi naimba Kihaya na kila mtu mjini ananiambia weka Kiswahili usikike. Nawajibu kwa jina moja tu, Saida Karoli. Miaka ya 2000 mwanzoni nchi nzima ilikuwa inaimba Kihaya chake mtu hajui maana hata ya neno moja, na 2016 Diamond akarudi kuchota palepale. Kwa hiyo andikeni kwa lugha mnayoota nayo ndoto.

Bint Muscat
Assalam aleikum wapendwa. Mimi niko Muscat, wazazi wangu wa Unguja, nyumbani tunaongea Kiswahili. Natunga za harusi zetu za wanawake, hakuna rekodi hakuna simu, tunaweka simu kwenye kapu mlangoni. Ndio maana nawapenda watu wa vina, kwa sababu kina ndicho kinachobeba wimbo wangu kutoka harusi moja mpaka nyingine. Hivi karibuni nimeenda kwa watu nisiowajua nimekuta wasichana wanaimba beti zangu na wameongeza wao ubeti, na huo ubeti wao wallahi ni mzuri kuliko wangu. Nimeuchukua.

Kijana wa Makorora
Shikamooni wakubwa. Naomba nilete lenye uchungu kidogo. Mi niko Tanga, natunga na gitaa. Kuna kikundi kiliniomba maneno ya nyimbo wakaahidi jina langu litasomwa, wakarekodi, redioni inapigwa na jina limesomwa la mwingine. Ninyi mnajilindaje?

Mwana wa Ng'ambo
Marahaba mdogo wangu, pole sana, hilo linaumiza. Ninachofanya mimi: kabla sijamuimbia mtu yeyote wimbo mpya najirekodi kwenye simu naimba wote, mwanzo nasema jina langu na tarehe, najitumia kwa barua pepe. Halafu kwa upande wenu bara kazi sajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kwa jina lako kama mtunzi, kabla haijatoka. Makubaliano na kikundi yaandikwe hata nusu ukurasa, sahihi mbili na shahidi.

Mtu wa Mji wa Kale
Na uongeze jina lako ndani ya ubeti wa mwisho. Washairi wetu wa zamani wakifanya hivyo, kaditamati wanajitaja jina na mji. Lipange likae kwenye kina, anayetaka kulitoa itabidi autunge ubeti mzima upya, na wengi wanaoiba hilo hawaliwezi.

Kijana wa Makorora
Aisee hilo sikuwahi kulifikiria. Jina langu lina silabi nne, linaingia nusu ya nane. Leo usiku naanza na ule wimbo wenyewe uliochukuliwa, nautungia ubeti wa mwisho.

Bint Muscat
Ukimaliza ulete hapa tuuimbe.