Wakristo wa Mwanza mlioguswa na suala la kutoa mimba, tupeane uzoefu (wanaume hasa, maana sisi huwa kimya)

Mzee_wa_Benchi_la_Mbele:

Wakuu, Bwana asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, kila mtu aitikie ya kwake.

Jumapili mchungaji wetu huku Igoma kahubiri Zaburi 139, pale Daudi anaposema "uliniunga tumboni mwa mama yangu". Akawaka kweli kweli kuhusu mabinti wanaochoropoa mimba. Nimekaa zangu benchi la wazee, suti nimefunga vifungo vyote, jasho linashuka mgongoni.

Mwaka 2008 nilikuwa kijana wa Mwaloni pale Kirumba, nabeba magunia ya dagaa. Nilikuwa na binti wa kwaya yetu. Aliponiambia hajaona siku zake miezi miwili, sikumwambia toa. Nataka mlielewe hilo, kwa sababu kwa miaka mingi nilijificha humo humo: sikutamka. Nilitoa noti nne za elfu kumi nikamwekea kwenye khanga. Zilikuwa zinanuka dagaa. Akazihesabu mara mbili, taratibu, kama mtu anayetafuta noti ya tano. Kisha akaniuliza, "Hili ndilo jibu?" Nikamwambia kesho nina safari. Kweli asubuhi nikapanda meli ya Ukerewe.

Niliporudi alikuwa ameshaumwa, ameshalazwa, na habari imeshafika kanisani. Akatengwa na meza ya Bwana miezi sita. Alikuwa anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na mimi ndiye niliyekuwa napitisha kapu la sadaka. Kila Jumapili nilimfikia. Kila Jumapili alitia shilingi mia bila kuinua macho. Hakunitaja kwa mtu yeyote mpaka leo.

Sijaja kuuliza kama ni dhambi, hilo kwangu halina ubishi. Nauliza ya nani. Hata serikali katika Kanuni ya Adhabu haimwangalii mwanamke peke yake: kifungu cha 150 kinamkamata anayemtoa mwenzake mimba, hadi miaka 14, cha 151 mwanamke mwenyewe, hadi 7, cha 152 anayempatia dawa au kifaa huku akijua kazi yake, hadi 3. Kanisani kwetu kosa lina mtu mmoja tu, na huwa amevaa sketi.

Wenye yenu karibuni. Matusi pia nitapokea.

chuma_cha_Mabatini:

Mzee wa kanisa taja jina na kanisa tukufahamu 😂😂 Msituletee ushuhuda nusu.

Nesi_Mstaafu:

Mimi ni Msabato, nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31, mingi ng'ambo ya Sengerema. Usiku mmoja bodaboda alituletea binti amevaa sweta la shule, na joto lile la Februari. Homa kali, harufu naijua kabla sijamfunua. Nikamfokea, "Nani kakufanyia hivi?" Kimya. Nikamfokea tena. Wakati namtafuta mshipa nikaanza kumwombea, ndipo akafungua mdomo: "Nesi, usiniombee kwa sauti, mama yuko mlangoni."

Nilinyamaza. Tangu siku ile nilijifunza kuanza na dripu.

Naomba mnaosoma huku mmejificha mnisikilize. Mimba ikiharibika, kwa namna yoyote ile, kutibiwa si kosa la jinai, na vituo vyetu vina huduma hiyo. Damu isiyokatika, homa, tumbo kukaza: nenda usiku huo huo. Wengi niliowazika hawakuuawa na kutoa tu, waliuawa na siku tatu za kuogopa.

Imani yangu haijabadilika. Nilichokoma ni kumhukumu mtu ambaye bado anavuja damu.

katekista_wa_Ilemela:

Tumsifu Yesu Kristo. Mzee, kwa upande wetu Wakatoliki swali lako lina jibu, ila halifundishwi vya kutosha. Adhabu ya kutengwa na Kanisa kwa kutoa mimba haimwangukii mwanamke tu. Inamfikia na yule ambaye bila ushiriki wake jambo lisingefanyika. Kwa upande mwingine, aliye chini ya miaka 18, au aliyesukumwa na hofu kubwa, adhabu hiyo haimshiki yenyewe, ingawa uzito wa tendo unabaki. Sasa wewe mwenye noti nne jipime.

Na mimi ninalo langu. Dada yangu alitoa mwaka 1998. Alinijia mimi kwanza kwa kuwa nafundisha dini. Nikamwambia kwa ukali kwamba padre wa kawaida hawezi kumwondolea, ni mpaka askofu. Binti wa kuuza samaki ataanzia wapi kumwendea askofu? Akaacha kanisa kabisa.

Novemba 2016 Papa Fransisko, akifunga Mwaka wa Huruma, aliandika kwamba kila padre anaweza kuondolea dhambi hiyo. Nilivyoisoma ile barua nilipanda daladala hadi Buhongwa. Nikamkuta anakaanga sato. Nikamweleza nimesimama. Akageuza samaki upande wa pili, akasema, "Kaka, umechukua miaka 18 kunipa njia. Haya, nawa mikono ule." Hajarudi kuungama. Mimi nimeungama, kwa lile jibu nililompa.

mwanachuo_Malimbe:

Natoka nje ya uzoefu kidogo, samahanini. Kutoka 21:22-23 inasema watu wakipigana wakamwumiza mjamzito mimba ikaharibika, pasipo madhara zaidi, analipishwa faini. Madhara yakiwapo, uhai kwa uhai. Kumbe kijusi na mama havikuwa sawa kwenye Torati?

katekista_wa_Ilemela:

Kijana, kuna wanaosoma mstari huo kuwa mtoto alizaliwa kabla ya wakati akiwa hai, na madhara ni ya yeyote kati yao. Wataalamu wanabishana. Ila Didake, andiko la Wakristo wa mwanzo kabisa, linakataza kutoa mimba waziwazi. Na Luka 1, mtoto aliruka tumboni mwa Elisabeti. Usijenge nyumba nzima juu ya mstari mmoja, na mimi sitaijenga.

Mama_Pacha_Pasiansi:

Yangu ni tofauti. 2019 mimba ilitunga nje ya kizazi, kwenye mrija. Nilianguka jikoni nikidhani ni tumbo la kawaida. Daktari akasema mrija umepasuka, damu inamwagika ndani. Mume wangu kashika kalamu ya kusaini upasuaji, hasaini, anampigia kwanza mchungaji. Mchungaji akasema, "Saini, tutaongea baadaye."

Hatujawahi kuongea. Waliokuja kunipa pole ni akina mama wa maombi, na mmoja akaninong'oneza nitubu tu, Mungu ni mwema. Nitubu nini jamani? Mtoto asingeweza kuishi kule, na mimi nilikuwa naondoka naye. Sheria yenyewe, kifungu cha 230, inamlinda daktari anayepasua kuokoa uhai wa mama, na hata Wakatoliki walio wakali kuliko sisi wanakubali mrija uondolewe. Nililia kwa ajili ya mtoto, naambiwa nimemtoa.

binti_wa_Nansio:

Mimi sikutoa. Nilikuwa kidato cha tatu, 2018, shule nikafukuzwa. Waliosema "usitoe, ni dhambi" nawahesabu mpaka navichosha vidole. Aliyesema "nipe mtoto, wewe utasoma" ni bibi peke yake, na kanisani kwake hata hakuwa na cheo. Novemba 2021 serikali iliporuhusu waliozaa warudi darasani, bibi ndiye aliyenunua sare, aliuza mbuzi wawili. Wale wengine walikuja kwenye ubatizo, wakala pilau.

chuma_cha_Mabatini:

Aisee. Nafuta utani wangu wa juu. Mzee utafanyaje sasa?

Mzee_wa_Benchi_la_Mbele:

Nimewasoma wote. Katekista, umenipiga pabaya.

Yule binti wa kwaya sasa yuko Geita, ana ndoa na watoto. Juzi nilipata namba yake. Sikujitetea, nilisema pole tu. Akakaa kimya mpaka nikadhani salio limekata, kisha: "Ulisubiri mpaka ukawa mzee wa kanisa." Akakata.

Wazee tunakaa Jumamosi saa kumi. Barua ya kujiuzulu na kueleza sababu nimeshaandika, ipo ndani ya Biblia.

Nesi_Mstaafu:

Barua ni yako, isome. Ila jina la binti umeliandika humo?

Mzee_wa_Benchi_la_Mbele:

Nililiandika.

Nesi_Mstaafu:

Ana mume, ana watoto. Unataka atengwe mara ya pili?

Mzee_wa_Benchi_la_Mbele:

Naandika upya usiku huu.